Waifai Imejaa, Mtandao Hakuna

Likizo iliyopita nilikaribia kukosa alama za mazoezi ya kufundisha kwa sababu ya betri ya shilingi elfu mbili. Najua inasikika kama stori ya kijiweni, ila ndivyo ilivyokuwa. Naiandika kwa sababu tangu turudi chuoni nimeshaitwa vyumba vinne, hosteli na mageto ya nje, kuangalia "waifai inayosumbua", na mara zote nne kosa lilikuwa mahali tofauti. Wenye vyumba wote wanne walikuwa wameshafanya kitu kilekile: kuzima, kuwasha, kulaumu kampuni ya mtandao, halafu kutafuta fundi.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nasoma ualimu, somo langu ni hisabati. Nilichojifunza likizo ile ni namna ya kutafuta kosa, na hiyo kila mmoja wetu anaiweza.

Nyumbani kwetu ni Uyole, Mbeya. Mama ana duka dogo la steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Roho ya duka ni kompyuta moja ya mezani, ya siku nyingi, inayopata intaneti kwa waifai kutoka kwenye ruta ya laini iliyokaa dirishani, chumba cha pili. Jumatano usiku umeme ulikatika, ukarudi Alhamisi asubuhi. Nikawasha kompyuta nipakie ripoti yangu kwenye mfumo wa chuo, mwisho ukiwa Ijumaa saa sita usiku. Alama ya waifai pale chini kulia ilikuwa imejaa kabisa. Nikafungua mfumo wa chuo, ukurasa ukakataa. Barua pepe ikakataa. Hata Google ikakataa.

Basi tukaanza. Nikazima ruta na kuiwasha mara tatu. Nikafuta mtandao wetu kwenye kompyuta na kuuingiza upya. Mdogo wangu akaihamishia ruta juu ya kabati. Nikaondoa programu ya kuzuia virusi, nikabadilisha kivinjari. Mpaka jioni tulikuwa tumebadilisha vitu sita na hatukujua hata kimoja kimefanya nini. Wateja wa fomu walikuja, wakasubiri, wakaenda duka la jirani.

Ijumaa mchana akaja fundi. Akasalimia vizuri, akakaa, akaangalia simu ya mama: inafungua kila kitu kwa waifai ileile. Akaangalia kompyuta: haifungui kitu.

"Mama, kadi ya waifai ya kompyuta imekufa. Simu inashika, kompyuta haishiki. Kadi mpya na ufundi, elfu arobaini na tano."

Mama akaniangalia. Tulijua wote wawili hela iliyokuwepo ndani ni ipi. Ni nauli yangu ya kurudi chuo.

"Mwanangu, tupe mpaka jioni," akamwambia fundi.

Kusahihisha kompyuta kama daftari

Muhula ule nilikuwa nafundisha hisabati Kidato cha Pili. Nilikuwa nawapa mlinganyo kama 3(x − 2) = 12. Mwanafunzi analeta jibu 14/3. Mwalimu mvivu anaweka kosa jekundu kwenye jibu na kupita. Lakini jibu halikukosewa kwenye mstari wa mwisho. Ukirudi juu, mstari wa pili ameandika 3x − 2 = 12: amezidisha x kwa 3, akaisahau ile 2. Kuanzia hapo hesabu yake yote ni sahihi, ila imejengwa juu ya mstari mbovu. Ukiuona huo mstari, unamsaidia kwa dakika mbili. Usipouona, utamfundisha mada nzima upya na atarudia kosa lilelile.

Nikajiambia, kompyuta nayo nimeiwekea kosa jekundu tangu jana bila kutafuta mstari. Nikachukua andalio la somo la zamani, nikaligeuza nyuma, nikachora njia ambayo ukurasa wa mtandao unapita mpaka kunifikia.

Njia ina vipande vitano. Cha kwanza ni kompyuta yenyewe: je, kifaa chake cha waifai kinafanya kazi? Cha pili ni kutoka kompyuta mpaka ruta. Cha tatu ni kutoka ruta mpaka kampuni ya mtandao na intaneti ya nje. Cha nne ni kitabu cha majina, kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba. Cha tano ni kivinjari chenyewe, kinachoamua kama kiuamini ukurasa uliokuja.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Ile mistari ya waifai inapima kipande kimoja tu, cha pili: nguvu ya redio kati ya kompyuta na ruta. Ni sawa na bodaboda wa kukupeleka stendi ya Nane Nane. Anaweza kuwa bodaboda mzuri kuliko wote Uyole, akakufikisha mlangoni kabisa. Kama basi la Dodoma limeondoka au halina mafuta, hilo si lake. Waifai imejaa maana yake umefika stendi, basi.

Sasa twende kipande kwa kipande. Nitatumia Windows kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye kompyuta nyingi za majumbani, lakini mantiki ni ileile popote.

Kipande cha kwanza: kompyuta yenyewe

Swali ni moja: je, kompyuta inaona mitandao ya waifai iliyopo hewani? Bonyeza ile alama chini kulia uangalie orodha.

Ikiwa orodha ni tupu kabisa, na simu yako mahali hapohapo inaona mitandao mitano, basi shida iko kwa kompyuta. Anza na vya bure. Angalia kama hali ya ndege imewashwa, ile yenye alama ya ndege. Chumba cha kwanza nilichoitwa hosteli kilikuwa hicho tu: dada alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi, akabonyeza kitufe cha ndege bila kujua, akakaa siku tatu akitumia bando la simu. Laptop nyingine zina swichi ndogo ubavuni ya kuzima redio.

Kama si hilo, bonyeza kulia kitufe cha Windows, chagua Device Manager, kisha fungua sehemu ya Network adapters. Ukiona kifaa cha waifai kina alama ya mshangao ya njano, mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa hicho. Hutokea sana baada ya kupiga Windows upya. Watu hukwama hapa: utapakuaje draiva ya intaneti bila intaneti? Chukua simu, ichomeke kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa kushirikisha intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao kupitia waya, utapakua draiva, mchezo umeisha.

Kifaa kisipoonekana kabisa kwenye orodha hiyo hata baada ya kuzima na kuwasha, hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria kwamba kimekufa. Hata hivyo, kabla ya kufunguliwa kompyuta, ulizia adapta ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye USB. Inafanya kazi ileile, unaichomeka mwenyewe, na ukinunua kompyuta nyingine unahama nayo.

Kompyuta ya mama ilikuwa inaona mtandao wetu na wa majirani wawili. Nikaweka tiki.

Kipande cha pili: kompyuta mpaka ruta

Kuona mtandao ni jambo moja, kukubaliwa na ruta ni jambo jingine. Ruta ikikukubali inakupa anwani, namba ya kukutambulisha ndani ya nyumba. Ili uione, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Utafunguka ule ukurasa mweusi ambao kwenye filamu wanautumia wadukuzi. Usiogope. Andika ipconfig, Enter.

Tafuta mistari miwili chini ya sehemu ya waifai. Mmoja umeandikwa IPv4 Address: hiyo ni anwani yako. Mwingine ni Default Gateway: hiyo ni anwani ya ruta. Nyumbani kwa watu wengi zote mbili huanza na 192.168. Ukiona anwani yako imeanza na 169.254, hiyo kompyuta imejitungia yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa. Umekaa darasani lakini jina lako halipo kwenye daftari la mahudhurio.

Hicho kilikuwa chumba cha pili. Ruta ndogo ya laini, ya kuchangia, ilikuwa na kikomo cha vifaa. Nyingine huishia vifaa 10 au 16. Geto zima wamo, simu mbili mbili, televisheni juu. Aliyechelewa kuingia alikosa nafasi, akadhani laptop yake mbovu. Wakitoka wawili anaingia.

Kama vifaa si vingi, chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe, ipe dakika mbili itulie. Kisha kwenye kompyuta uchague mtandao wenu, bonyeza Forget, uingie upya kwa neno la siri. Hili husaidia pia pale mtu alipobadilisha neno la siri la ruta na kompyuta yako bado inatumia la zamani.

Ukishapata anwani nzuri, ipigie ruta hodi. Andika ping, nafasi, halafu ile namba ya Default Gateway, kwa mfano ping 192.168.1.1. Kompyuta itapiga hodi mara nne. Majibu yakirudi yote manne ndani ya milisekunde chache, kipande hiki ni kizima. Yakirudi mawili, au moja linachukua milisekunde 3 na linalofuata 800, redio yako inayumba.

Redio ikiyumba, angalia masafa. Ruta nyingi za sasa zinarusha kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inakwenda mbali na inapenya ukuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na ina msongamano, maana hata Bluetooth na jiko la maikrowevu hutumia masafa hayohayo. Ya 5 ina kasi zaidi lakini ukuta wa tofali unaichosha haraka. Kwa hiyo ukiwa chumba kimoja na ruta tumia ya 5. Ukiwa mbali tumia 2.4. Na kompyuta za zamani nyingi hazioni ya 5 kabisa. Ndiyo maana unaweza kukuta simu inaona mtandao, kompyuta haiuoni, na hakuna kilichoharibika.

Hosteli kuna tatizo la ziada: ruta nyingi kwenye chaneli moja, zinaongea kwa pamoja kama darasa lisilo na mwalimu. Kwenye masafa ya 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ukifungua ukurasa wa ruta kwa kuandika namba yake kwenye kivinjari, unaweza kuhamia iliyo na watu wachache.

Kwa mama, hodi nne, majibu manne. Tiki ya pili. Nikaanza kuwa na mashaka na ile elfu arobaini na tano. Kadi iliyokufa haipigi hodi ikajibiwa.

Kipande cha tatu: ruta mpaka nje

Hapa kipimo rahisi ni simu. Zima data ya simu, ibaki na waifai tu, halafu fungua kitu. Sisitiza hapo kwenye kuzima data, kwa sababu simu nyingi waifai ikikosa intaneti zinahamia kwenye data kimyakimya, na wewe unasema "simu inashika".

Simu nayo ikikosa, kosa haliko kwenye kompyuta. Angalia bando la laini iliyo ndani ya ruta. Chumba cha tatu kilikuwa hicho, na wenyewe walikuwa wanagombana nani kaharibu ruta kwa kuiangusha. Ruta ilikuwa salama, bando ndilo lilikuwa limeisha jana yake. Kama bando lipo, angalia taa ya mtandao wa simu kwenye ruta: ikiwa nyekundu au imezimika, isogeze dirishani au piga simu huduma kwa wateja. Hapo huna cha kufungua wala kubadilisha kwenye kompyuta, kwa hiyo usiiguse.

Kwa upande wa kompyuta, andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba ya huduma ya Google iliyo nje huko, rahisi kukumbuka na kwa kawaida inajibu. Ikijibu, kompyuta yako imetoka nyumbani, imepita kwa kampuni ya mtandao, imefika duniani na kurudi. Intaneti unayo, hata kama kivinjari kinakataa katakata.

Kwa mama: majibu manne. Nikamwita mama aje aone. Kompyuta ambayo tumeambiwa haishiki mtandao ilikuwa inaongea na dunia. Akasema, "Sasa mbona haifungui?" Ndilo lilikuwa swali lenyewe, na safari hii lilikuwa limebaki na vipande viwili tu.

Kipande cha nne: kitabu cha majina

Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta inauliza kwanza kwenye kitabu cha majina kinachoitwa DNS: jina hili namba yake ngapi? Ni kama kumpigia mtu simu. Jina lipo kwenye simu yako, lakini kinachopigwa ni namba. Kitabu kikigoma, mtandao wote unaonekana umekufa wakati barabara iko wazi.

Kupima ni rahisi. Andika ping google.com. Kama ping 8.8.8.8 imejibu lakini hii inasema haikumpata mwenyeji, umekamata kosa. Andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, halafu jaribu tena. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wako wa waifai, mahali pa DNS, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 badala ya ile inayotolewa na ruta.

Chumba cha nne kilikuwa hapa, lakini kinyume. Jamaa alikuwa ameweka hizo namba nyumbani kwao likizo, mambo safi. Amerudi chuo, waifai ya chuo haimletei ule ukurasa wa kuingiza namba ya usajili. Mitandao mingi yenye ukurasa wa kuingilia hutegemea kitabu chake yenyewe ili ikupeleke kwenye ukurasa huo. Tukarudisha DNS kuwa ya kujitafutia yenyewe, ukurasa ukatokea. Kwa hiyo ukibadilisha, andika mahali kwamba umebadilisha.

Kwa mama: google.com ikajibu. Tiki ya nne.

Kipande cha tano: kivinjari, na saa

Ilikuwa saa mbili kasoro usiku. Nikafungua kivinjari tena, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi asubuhi, nikasoma kilichoandikwa.

Ule ukurasa ulikuwa unasema kwa Kiingereza kwamba muunganisho wangu si wa faragha. Sisi tuliona neno la muunganisho, tukakimbilia ruta. Lakini chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu, kulikuwa na mstari huu: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Sikuelewa yote, ila DATE naijua. Nikaangalia kona ya chini kulia, palepale pembeni ya alama ya waifai niliyoikodolea macho siku mbili. Kompyuta ilikuwa inaamini ni Januari 2012. Windows 10 yenyewe imetoka 2015.

Maelezo ni haya. Tovuti karibu zote za siku hizi hutumia njia iliyofungwa kwa siri, ile yenye https. Ili kivinjari kiamini kwamba kweli kinaongea na chuo na si na tapeli, tovuti huonyesha cheti. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama kitambulisho chako cha mwanafunzi. Kivinjari kinalinganisha tarehe za cheti na saa ya kompyuta. Kompyuta ikiwa 2012, cheti kilichotolewa mwaka huu ni cha siku ambazo hazijafika. Kivinjari kinakataa, na kinafanya sawa kukataa. Ndiyo maana Google, barua pepe na mfumo wa chuo vyote viligoma kwa pamoja, huku hodi zote zikijibiwa.

Na saa ilirudi nyuma kwa nini? Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa pale umeme unapokuwa haupo. Baada ya miaka inaisha. Ya mama ilikuwa imeshaisha, hatukujua, kwa sababu umeme ulikuwa haujawahi kukatika muda mrefu vile ukiwa umeikuta kwenye hali hiyo. Usiku mmoja gizani ukatosha. Windows huwa inajirekebisha saa kupitia intaneti, lakini tofauti ikiwa kubwa mno haijirekebishi yenyewe, inasubiri mtu.

Nikabonyeza kulia kwenye saa, nikachagua kurekebisha tarehe, nikahakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi, ambao ndio wetu, nikaweka siku na saa sahihi. Nikafungua mfumo wa chuo. Ukafunguka.

Ripoti ilikwenda saa mbili na robo usiku.

Baada ya hapo

Jumamosi asubuhi fundi alipita. Nikamwonyesha ile karatasi yenye tiki nne. Akaisoma, akacheka, akasema, "Dada, hii ya saa sikuifikiria kabisa." Sidhani alitaka kutuibia. Alifikiri vizuri nusu: simu inafungua, kompyuta haifungui, kwa hiyo kosa liko kwa kompyuta. Kweli lilikuwa kwa kompyuta. Alichoruka ni kuuliza liko wapi ndani ya kompyuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuletea betri, elfu mbili, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu, tukaibadilisha pamoja. Ufundi hakutoza. Mama akamwekea chai.

Kuna mambo matatu nimebaki nayo, na ndiyo ninayowaachia.

La kwanza, okoa kazi kabla ya kutafuta kosa. Ripoti ningeweza kuihamishia kwenye simu kwa waya wa USB tangu Alhamisi na kuipakia hapohapo. Sikuwaza. Nilikuwa na hofu, na hofu iliniaminisha kwamba lazima kompyuta ipone kwanza. Ukiwa na kitu chenye mwisho wa muda, kitoe kwanza kwa njia yoyote, halafu rudi kwenye ugonjwa umetulia.

La pili, badilisha kitu kimoja, pima, andika. Siku ile ya Alhamisi tulipobadilisha vitu sita kwa mpigo, hata kama kimoja kingekuwa dawa tusingejua ni kipi, na kingine kingeweza kuleta ugonjwa mpya.

La tatu, soma kilichoandikwa. Tuna tabia ya kufunga haraka kila ujumbe wa kompyuta unaokuja kwa Kiingereza kirefu. Jibu langu lilikaa mbele ya macho yangu siku mbili, na nililifunga labda mara hamsini.

Nauli ilibaki, nikarudi chuo kwa wakati. Ukikwama na waifai yako, njoo tuangalie, mnajua nilipo. Ila uje na karatasi: umepima vipande vingapi, na kipi ndicho kilichokataa.